Bei ya Wimbo kwa Kipimo cha Kuku

Si zamani sana, wala si mbali sana, ipo nchi ambayo nimeshauriwa nisiitaje jina. Ni nchi nzuri. Ina bendera, ina wizara ishirini na nane, na ina raia, ambao Serikali huwakumbuka kila inapotaka kuwashukuru kwa uvumilivu wao. Mimi ni mmoja wa hao wanaoshukuriwa. Mtaani wananiita Mama Semeni.

Nchi hiyo ina desturi moja ambayo lazima niieleze mapema, maana kisa chote kimekaa juu yake. Wimbo ukitugusa, hatukai. Tunainuka, tunacheza taratibu mpaka mbele, tunamtuza mwimbaji: noti kwenye paji la uso, noti kwenye mkunjo wa kanga. Redio kaseti zilipoingia nchini, hakuna aliyeiambia desturi kwamba mwimbaji hayumo ndani. Wimbo ukinoga sebuleni, mtu anainuka vilevile, anacheza mpaka kwenye redio, anabandika noti juu ya spika. Kwetu tulikuwa na noti moja tu ya kazi hiyo, ya kijani, iliyochakaa mpaka Rais wa kwenye picha akabaki na masikio peke yake. Mama aliitoa kwenye kopo la majani ya chai, noti ikatuza, wimbo ukiisha ikarudi koponi. Imetuza nyimbo zaidi ya mia na haijapungua hata senti.

Mama yangu, Bi Semeni, naye aliimba. Aliimba harusini, aliimba akipeta mchele, na mara moja tu katika maisha yake aliimba studio, Redio ya Taifa, wimbo unaoitwa "Njia Haina Miguu". Kwenye ubeti wa pili mpiga ngoma aliangusha kijiti, mama akacheka kidogo, kisha akaendelea kama hakuna kilichoanguka. Fundi mitambo alitaka warudie. Utepe ulikuwa umewaishia. Kicheko kikabaki humo.

Alifariki miezi minne kabla mwanangu hajazaliwa. Kanda yetu ya nyumbani tuliicheza sana siku za matanga, mpaka redio ikautafuna utepe wote. Mtoto alipokuja nikampa jina la bibi yake, kama inavyopasa. Lakini jina halina sauti. Semeni wangu alikuwa na mwaka mmoja na nusu na anaitikia jina la mtu asiyemjua hata kwa kikohozi. Nikaweka nadhiri: kabla hajatimiza miaka miwili, atamsikia.

*

Kanda mpya iliuzwa Duka la Taifa la Sauti, na bei yake ilikuwa sawa na kuku mmoja sokoni, kuku wa kawaida asiye na makuu. Nilikuwa na mtetea mmoja. Nikamuuza asubuhi, nikambeba Semeni mgongoni, nikaenda dukani na pesa yangu imefungwa kwenye pindo.

Muuzaji, Kuruthumu, tunafahamiana tangu usichana. Aliponiona tu akainua mikono.

"Shoga yangu, umechelewa siku moja. Bei imesimamishwa."

"Imesimamishwa vipi? Si ile pale ukutani?"

"Ile inangoja kujua kama ilikuwa sahihi."

Akanieleza. Ofisa mmoja alirudi safari, akasema kwenye karamu kwamba ng'ambo muziki una bei tofauti na yetu. Hakusema ni juu au ni chini, alikuwa anakula. Bunge likashtuka usiku uleule. Hakuna aliyeuliza kama wananchi wanamudu kununua. Waliulizana kama tumeaibika. Ikaundwa Tume ya Taifa ya Kulinganisha Bei za Muziki Uliorekodiwa Duniani, wajumbe kumi na mmoja, nchi tisa, mpishi mmoja.

"Mpaka warudi," Kuruthumu akasema, "muziki hauna bei. Na kisicho na bei hakiuzwi."

"Basi kama haina bei, nipe hivyohivyo."

Akacheka mpaka akashika kaunta. "Bure nayo ni bei, Mama Semeni! Unataka nifukuzwe kazi kwa kupanga bei bila kibali?"

Kanda ilikuwa palepale nyuma ya kioo. Semeni alikinyooshea mkono kile kioo, akakigonga mara mbili, kama mtu anayebisha hodi kwa nduguye.

*

Mwenyekiti wa Tume alikuwa Mheshimiwa Fumbwe, mtu mwenye uzoefu. Ndiye aliyeongoza Tume ya Kulinganisha Urefu wa Mito, ile iliyogundua kwamba mto wetu ni mrefu kuliko yote duniani ukipimwa kwa kumfuata ng'ombe anayekunywa.

Safari hii alianza na jambo la msingi. Pesa za nchi hazifanani, alisema uwanja wa ndege. Leo inapanda, kesho inashuka, keshokutwa inabadilishwa picha. Kipimo cha Tume kitakuwa kuku. "Kuku," alisema, na wapiga picha wakasogea, "hajawahi kumdanganya mwanadamu."

Tulifuatilia safari yao redioni kila jioni baada ya taarifa ya habari. Nchi ya kwanza ilileta tatizo: kuku wa huko wanauzwa hawana vichwa wala miguu. Tume ikapeleka simu nyumbani: je, kuku asiye na kichwa ni kuku mzima? Baraza la Mawaziri lilikaa siku mbili. Likaamua ahesabiwe robo tatu, isipokuwa kama nchi husika ni rafiki. Nchi ya pili kuku walikuwa wazima, lakini Tume ililazimika kuwala ili kuthibitisha uzito.

Siku ya arobaini walifika nchi ya theluji. Waliingia duka la muziki wamevaa makoti mawilimawili. Humo, kwenye spika iliyotundikwa juu, akaanza kuimba mwanamke kwa lugha wasiyoijua. Lakini huzuni haina haja ya mkalimani. Mheshimiwa Fumbwe alikuwa amekaa akifungua viatu. Akainuka na kiatu kimoja. Wajumbe kumi wakajipanga nyuma yake. Wakacheza hatua kwa hatua katikati ya rafu za watu, na mmoja baada ya mwingine akapanda kistuli, akabandika noti kwenye spika, noti nene ya Serikali, kila moja thamani ya kuku mmoja. Wenye duka walipiga simu mahali fulani. Walipoambiwa kwamba maadamu hakuna aliyeumia si kosa, wakaziteremsha zile noti, wakazitia kwenye droo.

Mtaa mzima tulishangilia, na mimi nilipiga vigelegele. Sasa mngetaka wafanye nini? Wakae?

Nchi zote tisa walifanya hivyo. Walipoguswa wote walitoa noti kumi na moja. Walipoguswa wachache, sita au tatu. Na kwa kuwa zilikuwa pesa za Serikali, Katibu wa Tume, mtu mwangalifu, alizitafutia mahali pa kuziandika.

*

Ripoti ilikuwa na kurasa mia nne na kumi na mbili. Mheshimiwa Fumbwe alisoma ukurasa mmoja tu redioni, na ulitosha.

"Ndugu wananchi! Kwa miaka yote hii tumekuwa tukiiuza roho ya taifa kwa kuku mmoja. Mmoja! Wakati wastani wa dunia ni kuku sita na robo. Nawauliza: sisi tumezidiwa nini? Aibu hiyo imekwisha leo saa sita kamili!"

Tulipiga makofi. Ni vizuri kuambiwa umepanda thamani, hata kama ni wewe utakayelipa.

Asubuhi yake nilikwenda dukani. Kwa kuwa bei ilitangazwa kwa kuku, Wizara ya Fedha ilikuwa imejitoa, na Wizara ya Mifugo ikajenga banda nyuma ya kaunta. Kuruthumu alikuwa na unyoya kwenye nywele.

"Hiyo robo ni ipi?" nikamuuliza.

"Waraka unasema paja. Ukileta bawa tunapokea, ila lazima ujaze fomu."

"Nina pesa ya kuku mmoja."

"Pesa hatuchukui siku hizi. Kuku wenyewe wako wapi?"

"Nilimuuza ili nipate pesa ya kuwalipa ninyi."

Tukatazamana. Ndani ya banda jogoo akawika, nadhani kwa niaba ya Wizara. Kuruthumu akashusha sauti. "Mwenzangu, kwa siri nikwambie: tangu jana sijauza hata moja. Yupo mzee alileta bata. Huyo bata nimempeleka ghorofani kwa wakubwa wamjadili."

*

Mimi nasoma masomo ya jioni, shule ya msingi ya mtaani kwetu, saa kumi na moja watoto wakishaondoka. Madawati ni yao, kwa hiyo magoti yetu yanagusana na kidevu. Semeni hulala kwenye mkeka karibu na ubao. Wiki ile Mwalimu Nyangeta alikuwa anatufundisha wastani, na kwa bahati gazeti la Serikali lilikuwa limechapisha jedwali la Tume, ili taifa lijivunie. Mwalimu akasema tulinakili, tutafute wastani wenyewe.

Niliupata: sita na robo. Nikafurahi, maana ilikuwa mara ya kwanza mimi na Serikali kupata jibu moja. Kisha nikatazama tena. Jedwali lilikuwa na safu mbili. Ya kwanza, Kanda. Ya pili, Matumizi Yaambatanayo na Usikilizaji. Nchi ya theluji: kanda, robo tatu ya kuku. Matumizi: kuku kumi na mmoja.

Kumi na mmoja. Nikakumbuka kile kistuli.

"Mwalimu," nikasema, "safu ya pili ni zile noti walizotuza. Nikiiondoa, wastani wa dunia haufiki nusu ya kuku."

Fundi viatu mmoja anayekaa nyuma akasema polepole, "Kwa hiyo ngoma wacheze wao, viatu viishe vyetu?"

Mwalimu Nyangeta alitazama mlangoni, akachukua kifutio, akafuta ubao wote, hata tarehe.

"Jibu si sahihi, Mwalimu?"

"Sahihi kabisa, Mama Semeni. Kama lingekuwa kosa, ningelifuta kwa nini?" Akapangusa vumbi la chaki mikononi. "Ila sijasema mtu afute daftari lake."

*

Sheria ya nchi hiyo inataka wananchi watoe maoni kabla ripoti haijawa sheria. Maoni yalipangwa Jumamosi, saa nne hadi saa nne na robo, Ukumbi wa Taifa. Dakika kumi na mbili zilikwenda katika kutambulisha wageni. Nilikuwa nimekaa kiti cha pembeni, mtoto mgongoni, daftari kifuani, na ndani ya daftari ile noti ya kijani, kwa ajili ya baraka. Mezani kwa Tume palikuwa na redio kaseti kubwa na spika mbili. Kuruthumu aliletwa pamoja na sanduku la kanda, kama vielelezo.

Zilipobaki dakika tatu nikasimama.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, shikamoo."

"Marahaba. Swali, mama, si hotuba."

"Kule kwenye theluji, mlipobandika zile noti, kanda mlikuwa mmeshainunua?"

"Hatukununua," akasema kwa fahari. "Tuliguswa."

"Basi zile si bei, Mheshimiwa. Bei mtu analipa kabla hajasikia. Tuzo anatoa kwa sababu amesikia."

Ukumbi ukanong'ona. Katibu akaandika, akatafakari, akakata alichoandika. Mheshimiwa Fumbwe akatabasamu lile tabasamu wanalotuwekea sisi wenye watoto mgongoni.

"Mama, mambo haya ni ya kitaalamu. Hakuna binadamu anayeweza kusikia wimbo mzuri noti yake ikabaki mfukoni. Kwa hiyo noti haikwepeki. Na gharama isiyokwepeka ni nini, kama si bei? Wewe ungeweza kukaa?"

"Nisingeweza. Lakini yangu hurudi koponi."

Watu wakacheka. Hilo hakulipenda. "Tutalithibitisha kisayansi!" akasema. "Chezeni kanda yoyote, wananchi washuhudie wenyewe."

"Yoyote?" akauliza Kuruthumu.

"Yoyote!"

Kuruthumu alinitazama. Hakuwa na haja ya kuniuliza. Mkono wake ulikwenda kwenye sanduku ukatoka na kanda bila hata kusoma maandishi.

Nilikuwa nimesahau ile pumzi. Kabla ya neno la kwanza mama huvuta pumzi, fupi, kama mtu anayetaka kuinua ndoo. Kisha: *Taratibu, mwenye haraka, njia haina miguu, ni wewe unayekwenda...* Mgongoni kwangu Semeni aliacha kutafuna ukosi wa gauni. Alitulia kabisa. Nilihisi kichwa chake kikigeuka huku na huku, akimtafuta mtu.

Watu walianza kuinuka. Mheshimiwa Fumbwe ndiye alikuwa wa kwanza, macho amefumba, bega moja linakwenda, la pili linafuata. Wajumbe nyuma yake, wageni waalikwa, askari wa mlangoni. Noti zikajaa kwenye spika. Kwenye ubeti wa pili kijiti kikaanguka, mama akacheka, na mwanangu, mgongoni, akacheka naye. Hapo miguu yangu ikaenda yenyewe. Nilibandika noti yangu ya kijani juu kabisa, karibu na sauti.

Wimbo ulipoisha, Mheshimiwa akajifuta jasho, akakumbuka cheo chake. "Mmeona? Hesabuni!"

Zilikuwa noti arobaini na tatu. Moja Katibu aliikataa kwa sababu Rais hana uso, akanirudishia kwa ncha za vidole. Zikabaki arobaini na mbili, akazijumlisha na bei mpya ya kuku sita na robo, na Mwenyekiti akatangaza kwamba "Njia Haina Miguu", wimbo wa hayati Bi Semeni, sasa ni kuku arobaini na wanane na robo, bei ya juu kuliko ya kanda yoyote chini ya jua. Nchi tisa zote tumezipita! Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Kanda ikatolewa kwenye redio, ikafungiwa kwenye kasha la kioo, ikawekewa askari.

Saa ikawa nne na robo, na maoni yakafungwa.

*

Nilitoka nikakaa ngazini. Kuku arobaini na wanane. Hata ningeanza leo na yai moja, Semeni angekuwa na wajukuu. Nilijiambia sitalia mbele ya askari, na nilikuwa karibu kuvunja ahadi hiyo, ndipo niliposikia kitu nyuma ya sikio langu.

Mm-mm, mm-mm-mm.

Maneno hayakuwepo, bado hana maneno. Lakini mwendo ulikuwa wenyewe. Pumzi fupi ya kuinua ndoo, kisha sauti, inapanda, inashuka. Na alipofika ubeti wa pili alisimama mahali pake, akacheka, kisha akaendelea kama hakuna kilichoanguka.

Katibu alikuwa anashuka ngazi na mafaili. Yakamponyoka. "Mheshimiwa! Njoo huku! Huyu mtoto anatoa wimbo wa kuku arobaini na wanane, hadharani, bila risiti!"

Mheshimiwa Fumbwe akaja mbiombio. "Amelipa?"

"Hajatimiza hata miaka miwili, Mheshimiwa," nikasema.

"Sikuuliza umri." Akainama amsikilize vizuri, kama mkaguzi. Semeni akamtazama usoni na kuanza upya, kwa maana alikuwa amepata msikilizaji. Nikaliona bega la Mheshimiwa. Likakataa, likakataa, kisha likaenda. Mkono wake ukaingia mfukoni bila idhini ya Tume, ukatoka na noti, akambandika mwanangu kwenye paji la uso.

Kisha akajishtukia. Katibu alikuwa tayari ameshika kalamu.

"Niandike safu ipi, Mheshimiwa?"

Mheshimiwa akaitazama noti, kisha kalamu, kisha noti tena. "Hakuna kiwango," Mheshimiwa akasema hatimaye. "Nyimbo zinazoimbwa na watoto wachanga... nchi nyingine wanatozaje? Hatujui. Hatuna takwimu." Nikaona uso wake ukikunjuka, kama mtu aliyekumbuka alikoacha pasipoti. "Itabidi kulinganisha."

*

Waliondoka Alhamisi. Safari hii ni nchi kumi na nne na wapishi wawili. Jana redio ilisema wamekwama nchi ya pili, wanasubiri Baraza la Mawaziri liamue kama kanga, yule ndege, anaweza kukaimu nafasi ya kuku.

Nilimpitia Kuruthumu dukani kuuliza jambo moja la kisheria. "Kisicho na bei hakiuzwi," nikamwambia. "Je, kinaimbwa?"

Aliutafuta waraka, akausoma mbele na nyuma, akatoa unyoya uliokuwa katikati ya kurasa. "Hawakusema," akajibu. Jioni ile alifunga duka mapema, akaja kwetu na mkeka wake. Fundi viatu alikuja. Mwalimu Nyangeta alikuja, akasema amepita tu, akakaa saa nzima.

Noti ya Mheshimiwa nilinunulia mtetea. Ameanza kutaga.

Semeni huanza mwenyewe siku hizi, haombwi. Akifika kwenye kicheko, baraza zima tunacheka naye, palepale, hakuna anayewahi wala kuchelewa. Nami hufungua kopo la majani ya chai, nacheza hatua kwa hatua mpaka kwenye mkeka wake, namtuza kwa ile noti ya kijani. Yeye hujaribu kuila. Nampokonya, nairudisha koponi.

Tume inatarajiwa baada ya masika. Tumeshafika ubeti wa tatu.